Mvua, Kamba na Vitambaa vya Dada

Jumatatu, Machi 4

Mvua imeanza, na sketi yangu ya sare imekwenda shule ikiwa mbichi. Mama aliikamua mara mbili, Baba akaipiga pasi, lakini pasi ilitoa mvuke tu kama birika. Nilipoketi darasani, msichana ninayekaa naye dawati moja alinusa hewa, akanusa tena, kisha akasogea hadi ukingoni mwa benchi. Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Mwalimu wa Kiswahili ametuagiza tuandike shajara msimu wote wa mvua. "Siku isiyo na jambo, mstari mmoja unatosha," alisema. "Ila msinitungie makubwa yasiyotokea." Basi naanza na sketi.

Nyumbani tuko watano. Baba ni seremala na Mama ni muuguzi. Bibi ni mama yake Baba, naye ndiye hasa mwenye nyumba, ingawa hajawahi kulitamka. Dada yangu yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma fizikia. Mimi niko kidato cha pili, tena ndiye kitindamimba.

Nilimsimulia Dada habari ya sketi nikidhani atacheka. Aliuliza, "Ilianikwa wapi?"

"Chumba cha nyuma, kwenye kona."

"Na shati la Baba?"

"Karibu na dirisha."

"Likakauka?"

Lilikauka. Hakuuliza tena, ila wakati wa kula alikuwa akiutazama ukuta kama mtu anayesoma.

Jumanne, Machi 5

Mvua. Sketi bado.

Jumamosi, Machi 9

Dada amepata utafiti wake, na umetokana na sketi yangu.

Chuoni kwao kuna Siku ya Utafiti wa Wanafunzi kila mwezi wa tano. Mwanafunzi anapeleka muhtasari wa utafiti wake, na kamati ikiupenda inampa nafasi. Nafasi ni za aina mbili. Ya kwanza ni kutundika bango ukumbini na kulieleza kwa wapitao. Ya pili ni kupanda jukwaani na kuzungumza dakika kumi mbele ya majaji. Wachache watakaofanya vizuri jukwaani watakwenda kuwakilisha chuo kwenye kongamano la wanafunzi wa vyuo vingi.

Mwaka jana Dada hakupeleka kitu, na mwaka juzi vilevile. Si kwamba hana la kusema. Nyumbani anaweza kukueleza upinde wa mvua mpaka chakula kipoe. Lakini akiwa na watu watatu asiowazoea sauti yake hupungua kama maji ya bomba, na wakifika kumi hukatika kabisa. Safari hii ataomba bango. "Bango linajisemea lenyewe," aliniambia.

Swali lake ni hili: nguo zikianikwa ndani siku za mvua, zikae wapi ili zikauke upesi?

Baba amefunga kamba nne katika chumba cha nyuma: moja kwenye kona, moja katikati, moja chini ya feni, na ya mwisho baina ya dirisha na mlango. Dada amekata vipande vya kitambaa cha sare vinavyolingana, akashona uzi wa rangi kwenye kila kimoja ili kila rangi ijue kamba yake. Asubuhi vinaloweshwa, vinakamuliwa, vinapimwa kwenye mizani ya jikoni, vinaanikwa. Jioni vinapimwa tena. Uzito uliopungua ndio maji yaliyoondoka.

"Kwa hiyo mizani yangu sasa ni mali ya chuo kikuu," Mama alisema. "Nami nitapima unga kwa macho?"

"Mama, lini uliwahi kuupima kwa kitu kingine?"

Baba alicheka hadi msumari ukamtoka mdomoni.

Alhamisi, Machi 14

Mvua usiku kucha. Vitambaa vinaendelea. Nimeruhusiwa kusoma mizani, Dada anaandika.

Jumapili, Machi 17

Msimamizi wa Dada ni mama mmoja wa makamo ambaye Dada humwita Daktari tu. Ana sharti lake: kabla ya kumwonyesha yeye kazi, uwaeleze kwanza watu wa nyumbani wasiosoma somo lako. Wasipoelewa, usije.

Basi baada ya chakula cha mchana tulipanga viti sebuleni. Dada alisimama mbele ya kabati la vyombo. Alianza vizuri, kisha Bibi akakohoa kidogo tu, naye Dada akasahau alikuwa wapi.

"Endelea, mjukuu wangu, ni kikohozi, si swali."

"Nimesahau."

"Umesahau nini? Nguo zako mwenyewe?"

"Mama, mwache," Baba alimwambia Bibi.

"Simsumbui. Namkumbusha tu kwamba mficha uchi hazai."

Mama alijifunika uso kwa khanga akacheka. Dada naye alicheka, ila alikaa chini na hakumaliza. Nilimwonea huruma. Nilimwona Bibi ni mkali bila sababu.

Ijumaa, Machi 22

Jambo la ajabu. Dada amejumlisha vipimo vyote, na kamba zote nne zinalingana! Kona, dirisha, feni, tofauti ni ndogo mno. Amehesabu tena, nami nikasoma namba kwa sauti. Yaleyale.

"Haiwezekani," alisema.

"Labda ndivyo ilivyo," nikasema. "Labda watu wamekuwa wakigombea dirisha bure."

Alinitazama, kisha akatabasamu pole pole. Amempelekea Daktari. Daktari amesema ni matokeo yasiyo ya kawaida, achunguze kama kuna kilichoharibu vipimo. Dada ameichunguza mizani, nyuzi, kamba. Kila kitu sawa. Muhtasari umekwenda: mahali pa kuanika hapaleti tofauti.

Jumatano, Aprili 3

Kamati imejibu. Imeupenda muhtasari kupita kiasi, ndiyo shida. Wamesema matokeo yanayopinga kile kila mtu anachoamini yanastahili kusikika na ukumbi mzima. Hawakumpa bango. Wamempa jukwaa.

Dada aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma akiwa amekaa, kisha akaenda kulala na viatu.

Jumamosi, Aprili 6

Mazoezi. Dakika tatu, halafu kimya.

Jumapili, Aprili 7

Mazoezi. Dakika tano! Baba alijifanya jaji mkorofi, akakunja miguu na kuvaa miwani ya Bibi. "Binti, feni yako ni ya aina gani?" Dada akajibu, "Ni ile inayokoroma uliyoahidi kuitengeneza tangu mwaka jana, mheshimiwa jaji." Tulicheka sote. Nadhani ataweza.

Ijumaa, Aprili 12

Leo sina budi kuandika kirefu.

Maji yaliingia madarasani, tukarudishwa nyumbani kabla ya saa sita. Baba na Mama walikuwa kazini na Dada chuoni. Nikaingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu viatu vyangu vilikuwa na matope, na kutoka chumba cha kamba, ambako Dada bado anaendelea na vipimo, nikasikia mtu akiongea kwa upole, kama anayebembeleza watoto.

"Haya, nyie mmekaa hapa tangu asubuhi, inatosha. Shukeni, wenzenu nao waje."

Alikuwa Bibi. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, vibanio vya nguo mdomoni, akiondoa vitambaa kwenye kamba ya dirishani na kuvipeleka kwenye kona. Vya kona akavileta dirishani. Vyenye uzi mwekundu vikakaa penye uzi wa kijani, navyo vya kijani penye nyekundu.

"Bibi! Unafanya nini?"

Aligeuka bila wasiwasi wowote. "Ah, mke mwenzangu, umerudi mapema. Njoo unisaidie huku juu, mgongo unaniuma."

"Lakini hivyo ni vya Dada!"

"Najua ni vya Dada yako. Ningegusa vya nani tena?" Alishuka kwenye kigoda, akajifuta mikono. "Siku ya kwanza niliingia humu nikavikuta hivi vya kwenye kona vimenyong'onyea, maji yanavidondoka, na vya dirishani vinapepea kama bendera. Nikasema, hii ni haki kweli? Wa dirishani awe wa dirishani kila siku? Mimi nimelea watoto saba katika chumba hikihiki. Kitanda cha dirishani kilikuwa kimoja, na kila mmoja alikilalia kwa zamu. Hakuna aliyenung'unika. Sasa navipa zamu. Halafu kabla Dada yako hajarudi narudisha kila kimoja kwao, rangi kwa rangi, nisije nikamvurugia kazi."

Nilikaa juu ya kigoda. Ndiyo maana zimelingana. Si kwamba mahali hapaleti tofauti. Kila kitambaa kilikuwa kimekaa kila mahali.

Nilimweleza kwa sauti ya chini. Bibi alisikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa shavuni. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nimemharibia?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini nikaitikia kwa kichwa.

"Basi nitamwambia mwenyewe," alisema. "Wewe nyamaza. Usinisaidie kusema. Nimesaidia vya kutosha humu ndani kwa niaba yetu sote."

Dada alipoingia, hata hajaweka mkoba chini, Bibi alimwambia yote, akiwa amesimama wima, kama anavyosimama kwenye misiba. Dada hakupiga kelele. Aliingia chumba cha kamba, akatazama vitambaa vilivyoning'inia mahali pasipo pao, akatoka.

"Bibi, kwa nini hukuniuliza?"

"Ungeniuliza wewe kwanza, ningekwambia. Ulieleza mbele ya wote kamba ni nne. Hukusema hata siku moja kwamba vitambaa havitakiwi kuhama."

Na kweli hakusema. Nilikumbuka mazoezi yote. Alieleza mvuke, uzito, hewa. Hilo moja aliona linajulikana.

Jumamosi, Aprili 13

Dada hajala vizuri. Bibi pia. Wanakaa jikoni pamoja wakichambua mboga bila maneno.

Jumatatu, Aprili 15

Dada amekwenda kwa Daktari. Alirudi uso wake ukiwa mgumu kusomeka.

Daktari ameiandikia kamati. Ratiba imekwishachapwa na muhtasari umo ndani. Dada anaweza kujitoa, hakuna atakayemlaumu. Au arudie vipimo, na siku ya siku apande jukwaani aseme mwenyewe kwamba walichokisoma kwenye ratiba si kweli.

"Kusema lililo sahihi tu kulikuwa kunanishinda," Dada aliniambia. "Sasa nikaseme nilikosea. Mbele ya ukumbi mzima!"

"Utajitoa?"

"Sijui, mdogo wangu. Kwanza nahitaji mvua. Bila mvua hakuna cha kurudia."

Nje mvua ilikuwa inanyesha vizuri tu. Sikuona tatizo.

Jumatano, Aprili 17

Jua.

Alhamisi, Aprili 18

Jua. Majirani wameanika magodoro, watoto wanapiga mpira barabarani. Nadhani mtaa mzima ni sisi tu tunaonuna.

Jumapili, Aprili 21

Jua. Baba amesema mvua zimekwisha mapema mwaka huu na akaitwa mchawi na watu watatu kwa pamoja.

Dada ameanza kuandika barua ya kujitoa. Hajaimaliza. Bibi hutoka kila asubuhi, anatazama mawingu, anarudi anasema, "Bado kidogo," kama vile anangoja mgeni aliyepotea njia.

Jumatano, Aprili 24

Wingu dogo. Likaondoka.

Ijumaa, Aprili 26

MVUA! Ilianza tukiwa kwenye hesabu, nikacheka kwa sauti, mwalimu akanisimamisha. Nilisimama hadi mwisho wa kipindi nikiwa na furaha tele.

Nilipofika nyumbani vitambaa vilikuwa vimekwisha kuanikwa, na Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni mwa chumba cha nyuma, fimbo mapajani.

"Hapiti mtu," alisema.

"Bibi, nataka soksi zangu."

"Soksi zako zimo ndani ya utafiti. Rudi jioni."

Jumatatu, Aprili 29

Mvua. Bibi bado yuko mlangoni. Mama alimpelekea chakula hukohuko. Zamani nilidhani Bibi ni mkali. Sasa naona ni mtu anayeshika jambo kwa mikono miwili, likiwa sahihi au likiwa kosa.

Alhamisi, Mei 2

Mvua imepungua, lakini vipimo vinatosha kusema kitu. Kitambaa cha baina ya dirisha na mlango kinakauka upesi kuliko vyote. Cha chini ya feni kinamshangaza Dada: dirisha likifungwa kuzuia mvua, feni inazungusha unyevu uleule, na kitambaa kinabaki kibichi karibu kama cha kwenye kona. Hewa inapaswa kupata pa kutokea. Ni jambo dogo, ila sketi yangu sasa iko baina ya mlango na dirisha, na jirani yangu wa dawati amerudi katikati ya benchi.

Barua ya kujitoa imetumika kuwashia jiko. Dada mwenyewe aliitia.

Jumanne, Mei 7

Mazoezi. Dakika kumi na moja. Baba anasema sasa tatizo ni kumnyamazisha, lakini Dada anasema sisi si ukumbi.

Jumamosi, Mei 11

Tumerudi sasa hivi. Naandika nikiwa bado na nguo nzuri.

Tulikwenda sote. Bibi alivaa gauni lake la harusi za watu. Ukumbi una viti vya plastiki vya buluu, feni tatu ambazo Dada alizitazama kwa dharau, na meza ya majaji yenye chupa za maji. Pembeni kulikuwa na mabango marefu, na mbele ya kila bango mwanafunzi akieleza kwa mikono. Sikujua kwamba watu wa umri wa Dada wanafanya mambo mengi hivi. Mmoja amechunguza kwa nini daftari za bei rahisi huchanika penye pini, mwingine ndege wanaolala kwenye taa za barabarani. Nilitaka kusimama kwa kila mmoja.

Walitangulia wawili jukwaani, wakasema vizuri. Kisha mwenyekiti akamwita Dada. Alipanda. Akashika kipaza sauti. Hakusema.

Mtu nyuma yetu alinong'ona. Mama alinishika mkono hadi pete yake ikaniuma. Nilimwona Dada akimeza mate, nikajua ile sauti inapungua, inapungua.

"Utafiti wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika na safu ya mbele tu, "uko kwenye ratiba mliyo nayo mkononi." Kisha akainua kichwa. "Naomba mchukue kalamu mkate mstari wa mwisho. Si kweli."

Ukumbi ulijigeuza kwenye viti. Majaji wakainua macho.

"Niliandika kwamba nguo zikianikwa ndani, mahali hapana tofauti. Nililiandika kwa sababu vipimo vyangu vilisema hivyo. Lakini nyumbani kuna mtu aliyeona vitambaa vya kwenye kona vinaonewa, akawa anavipa zamu dirishani."

Kwanza alicheka jaji mmoja. Halafu watu wote. Niliogopa kicheko kitamzima, kumbe kilikuwa ndicho kilichomfungua. Alicheka nao, akashusha mabega, na sauti yake ikatoka, ile ya nyumbani, ya upinde wa mvua. Akaeleza kosa. Akaeleza kwamba kosa lilikuwa lake, kwa kuwa hakumwambia mtu mwenye nyumba kile asichopaswa kufanya. Akaeleza jua lililomtesa, kisha mvua, kisha matokeo mapya. Hakutazama karatasi.

Yakaja maswali. Jaji mwenye mvi aliuliza, "Siku zako za mara ya pili ni chache. Una uhakika gani?"

"Sina uhakika kamili," Dada alijibu. "Nina hakika kuhusu dirisha na mlango, tofauti ilikuwa kubwa kila siku. Kuhusu feni, nahitaji msimu mwingine."

Jaji akaandika kitu. Mwenzake akauliza, "Na tutajuaje kwamba safari hii hakuna aliyevigusa?"

Kabla Dada hajafungua kinywa, kiti kilikwaruza sakafu kando yangu.

"Nilikuwa mlangoni mwenyewe!" Bibi alisema. "Na fimbo. Hata huyu mtoto nilimnyima soksi zake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwenyekiti akauliza kwa heshima, "Samahani, Mama, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye lile kosa la kwanza," Bibi akajibu, akaketi.

Walipiga makofi hadi kengele ya muda haikusikika. Baba alikuwa anafuta machozi kwa kofia yake.

Mchana tulisubiri nje wakati majaji wanashauriana. Wanafunzi walikuja kumsalimia Dada, wakamkuta amezungukwa, basi wakamwuliza Bibi. Nilimsikia akieleza, "Hewa lazima iwe na pa kutokea, vinginevyo feni inapika mvuke." Msichana mmoja aliandika maneno hayo.

Walisoma majina ya wale watakaokwenda kwenye kongamano. Jina la Dada halikuwa la kwanza. Wala halikuwa la pili. Lilikuwa la mwisho kabisa, na Mama alikuwa ameshaanza kutafuta mkoba wake. Dada alisimama, mkono mdomoni, na Daktari akaja akimcheka kwa upole.

"Umesikia? Kule hawana haraka kama sisi," alimwambia. "Utazungumza dakika ishirini, na ukumbi ni mkubwa mara tatu ya huu. Utaweza?"

Nilimtazama Dada nikingoja sauti ipungue. Yeye alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole: kosa, jua, dirisha, feni, msimu ujao.

"Daktari," alisema, "hivi hawawezi kuniongezea kidogo?"